Msing'oe Mbao za Ukutani

Siku hizi ukimwonyesha mtu ukuta wa mbao uliobanduka rangi, jibu linakuja kabla hujamaliza kueleza: ng'oa. Ng'oa, piga jipsamu, au bandika zile plastiki za PVC zenye michoro ya marumaru. Kazi inaisha kwa siku chache na nyumba inaonekana ya kisasa. Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi, nimelisikia kwa wauza vifaa vya ujenzi, na zaidi nimelisikia kwa vijana waliorudi kwa wazee mwisho wa mwaka, wakakuta maganda ya rangi yananing'inia sebuleni, wakaona haya mbele ya wachumba wao. Wanaolitoa si wajinga, na wengi wana nia njema kabisa. Lakini wamekosea, na kosa lao linaziondolea nyumba zetu kitu ambacho fedha zao hazitaweza kukirudisha.

Nazungumzia nyumba za aina fulani. Ziko Lushoto na Soni, ziko Amani katika Usambara Mashariki ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, ziko Moshi na Arusha, Iringa na Njombe, na kwa wenzetu wa Kenya ziko Limuru, Molo na Kericho. Nyingine zilijengwa na misheni, nyingine na mashamba makubwa, nyingine na serikali kwa ajili ya mabwana misitu, nyingine na watu wetu wenyewe waliopata fedha za kahawa na wakataka nyumba isiyo na baridi. Ndani, kuta zake au dari zake zimevikwa mbao nyembamba zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ubao ukichomekwa kwa mwenzake kutoka pembe hadi pembe. Baridi ya Juni na Julai huko milimani si mchezo, na ubao mkavu hupitisha joto takriban sehemu moja tu ya kumi ya kile kinachopitishwa na zege. Waliojenga hivyo walijua wanachofanya. Baadaye mbao zikapakwa rangi, zikapakwa tena na tena, na sasa zinabanduka.

Kauli ya kung'oa ina mwenzake anayejifanya mpinzani wake: "piga rangi juu." Hawa ni wale wanaotaka kuokoa fedha. Fundi anapita na brashi kavu, anadondosha yale maganda yaliyolegea kabisa, anapiga mkono mmoja mzito wa rangi ya mafuta, na ukuta unang'aa hadi masika yajayo. Ni kupaka poda juu ya upele. Watu hudhani hizi ni njia mbili zinazopingana, moja ya wenye fedha na moja ya wasio nazo, na mjadala wote kuhusu mbao za ukutani umebaki kati yake. Mimi naona zimetoka tumbo moja. Zote zinaanza kwa kuamini kwamba ubao ndio wenye tatizo: mmoja anautupa, mwingine anaufunika ili mwanaharamu apite. Hakuna anayeuliza rangi imebanduka kwa nini. Na swali hilo likijibiwa, mara nyingi ubao unakutwa hauna hatia.

Okota ganda moja sakafuni, uligeuze, ulisome mgongo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Mgongo ukiwa laini na mng'avu, na ukutani lilipotoka pamebaki rangi nyingine ya zamani, nzima na ngumu, inayoteleza ukiipitishia kidole, basi hapo ubao hauumwi. Mtu alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa, na rangi ile haikupata pa kushika. Hakikisha kwa pamba na spiriti: sugua kidogo, rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haitatikisika. Kosa hili, kwa ninavyoona, ndilo lililojaa zaidi majumbani mwetu. Rangi ya maji haina harufu kali, inakauka upesi, brashi inaoshwa bombani. Kila mtu aliikimbilia, na wachache waliambiwa kwamba ukuta wenye mafuta lazima ukwaruzwe kwanza.

Ganda likiwa nene, pembeni mwake tabaka zikihesabika, krimu, kijani, buluu, krimu tena, na ukuta wenyewe umepasukapasuka vipande vidogo vya pembe nne, hapo ni umri. Rangi ya mafuta haiachi kukauka siku ile unapoigusa ukakuta hainati. Inaendelea kukakamaa miaka na miaka, huku ubao chini yake ukitanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kwa urefu ubao hautanuki kwa kiasi cha maana. Unatanuka kwa upana, na ubao wa sentimita 10 unaweza kupishana milimita moja au zaidi kati ya masika na kiangazi. Rangi changa iliyopakwa nyembamba huufuata ubao katika mwendo huo. Tabaka nane zilizokakamaa haziwezi, kwa hiyo zinapasuka, na kuongeza tabaka ya tisa ni kuongeza uzito juu ya kitu kilichokwisha kuachia.

Ganda la tatu ndilo la kutia wasiwasi. Limeng'oka hadi kwenye ubao mtupu, mgongoni limebeba nyuzi za mbao, na ubao wenyewe umegeuka wa kijivu au una madoa meusi. Hapo pana maji. Yameingia kwa nyuma, yameloanisha ubao, na yakitafuta pa kutokea yameisukuma rangi kutoka ndani kuja nje. Rangi yoyote utakayopaka hapo, hata ile ghali kuliko zote dukani, itasukumwa vilevile.

Lushoto niliingia nyumba moja ambamo fundi alikuwa amekwisha kushauri ukuta mzima wa sebule ung'olewe. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alisimama mlangoni na mkongojo wake akimsikiliza. "Mama, mbao hizi zimekwisha," kijana akasema. "Zimekwisha vipi, mwanangu, mbona nikizigonga zinalia?" Na kweli akazigonga kwa mkongojo, moja baada ya nyingine, na zote zikatoa sauti kavu isipokuwa tatu za pembeni mwa dirisha, ambazo zilijibu kwa sauti nzito isiyo na mlio. Nje, juu ya pembe hiyohiyo, gata ilikuwa imejaa majani ya mkaratusi na maungio yake yameachana. Kila mvua iliponyesha, maji badala ya kwenda kwenye pipa yalishuka na ukuta wa mawe, yakapenya, yakatokea nyuma ya mbao. Mbao tatu katika ukuta mzima, na hata hizo tatu zilikuwa zimeoza kiasi cha shubiri moja tu kutoka chini. Jipsamu iliyopendekezwa pale ingesimamishwa mbele ya maji yaleyale.

Ndiyo maana nasema ukarabati wa mbao za ndani huanzia nje, tena juu. Huanzia kwenye kofia ya bati iliyopinda, kwenye msumari wa bati uliolegea na kuacha tundu, kwenye gata ambayo haijasafishwa tangu aliyeijenga nyumba alipokuwa na nguvu za kupanda ngazi. Kisha unashuka chini: bustani ya maua imepandishwa udongo hadi juu ya msingi, na ukuta unanyonya unyevu wake mwaka mzima. Kisha unaangalia upande wa pili wa ukuta, kama kuna bafu ambalo bomba lake linatoa tone baada ya tone, au jiko ambalo mvuke wake hauna pa kutokea. Mafundi wetu wa rangi hawafundishwi kutazama huko, na wenye nyumba hawawalipi watazame. Lakini ukuta wa mbao una ncha zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, yaani sehemu ulipokatwa msumeno, na ncha hizo ziko chini kabisa, karibu na sakafu, ambako tambara la kudekia hugusa kila asubuhi. Mara nyingi hazijawahi kuonja rangi. Mgongo wa ubao nao haukupakwa kitu. Kwa hiyo ubao umevaa koti mbele tu, na maji yanaingia kwa nyuma na kwa miguu.

Sasa tuseme juu ya hicho kinachotupwa. Mbao za nyumba hizi za zamani ni mkulo, podo, mvule, mtarakwa, msaji, na baadaye msonobari na msaipresi iliyoachwa ikakomaa. Mkulo wa Usambara bado unanukia ukiupiga randa. Miti ya kuuzalisha ubao wa namna ile leo iko ndani ya hifadhi: Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na Magamba, juu ya Lushoto, ikafuata. Ni jambo jema kwamba haikatwi. Maana yake ni kwamba mbao zilizopo ukutani ndizo hizo hizo, hakuna nyingine zinazokuja. Ukienda sokoni kutafuta badala yake utapewa msonobari wa mashamba. Sao Hill kule Mufindi inatoa mbao nzuri miti ikiachwa ifikie umri wake, lakini mbao nyingi za bei rahisi zinatoka kwenye mashamba ya watu binafsi ambao shida ya ada za shule huwafanya wauze miti ya miaka 8 au 10. Ubao wa mti mchanga una moyo mdogo, karibu wote ni nyama laini ya nje, na unauzwa ukiwa bado mbichi. Ukiupigilia ukutani leo, baada ya miezi miwili ulimi umetoka kwenye mfereji na mwanga unapita katikati. Kenya walilionja hili kwa uchungu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda na wafanyabiashara wakategemea zaidi mbao za kutoka nje, zikiwemo za kwetu. Ilifika Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Katika miaka yote hiyo kuna watu waliong'oa mtarakwa mkavu ukutani na kuuchoma kuni.

Wanaosifu jipsamu nawasikiliza kwa heshima, kwa sababu jipsamu si kitu kibaya. Tunayo yetu, inachimbwa Makanya wilayani Same, na mafundi wetu wanaifinyanga kwa ustadi. Mahali pakavu inafaa. Lakini jipsamu iliyolowa hulainika na kubomoka, na ukuta ambao ulibandua rangi kwa sababu ya maji ni ukuta wa maji. Ubao uliolowa unaweza kukauka ukarudi kazini. Jipsamu iliyolowa inatupwa. PVC nayo inauzwa kwa sifa kwamba haioni maji, na ni kweli haiyaoni, ila nyuma yake unyevu unabaki umefungiwa, na huko kwenye giza koga inastawi bila mtu kuiona hadi harufu itokeze na watoto waanze kukohoa. Ikishika moto, moshi wake una tindikali inayochoma koo na mapafu. Bafuni sitagombana na mtu aliyeibandika. Sebuleni na chumbani, juu ya mbao nzima, ni hasara anayolipia mwenyewe.

Walio upande wa "piga rangi juu" nao wana lao la kujibu. Wanasema rangi za siku hizi hazifai, kwamba zamani mkono mmoja ulidumu miaka 20. Siwezi kutetea kila kopo lililopo dukani. Zipo rangi hafifu na zipo za kughushi. Lakini nimetazama jinsi zinavyopakwa. Kopo likifunguliwa, fundi anataka rangi itoshe ukuta mzima, basi anaichanganya na petroli, na petroli ikikosekana, mafuta ya taa. Petroli inaweza kuwasha nyumba kwa cheche ya swichi. Mafuta ya taa yanachelewesha kukauka na kuacha utelezi ndani ya rangi. Kila kopo la rangi ya mafuta linaeleza utumie kiyeyusho gani na kwa kiasi gani, na mara nyingi ni tapentaini kidogo tu kwa mkono wa kwanza. Praima hairukwi kwa bahati mbaya. Inarukwa kwa sababu haionekani kazi ikiisha. Rangi iliyopakwa kwa namna hiyo kwenye ubao wenye vumbi na mafuta ya mikono haina kosa inapoachia.

Na hapa lawama lazima tuigawane na wenye nyumba. Tunamwita fundi tukamwuliza, "Ukuta huu shilingi ngapi?" Tunapatana kwa kazi nzima, tunambana bei, kisha tunategemea atumie siku tatu akikwangua na kupiga msasa kitu ambacho hakuna atakayekitazama. Hatafanya, na hata mimi nisingefanya. Katika kazi ya mbao zilizobanduka, kupaka rangi ni robo ya mwisho. Robo tatu zote ni kuzuia maji, kukausha, kukwangua, kuosha na kulainisha. Anayetaka kazi idumu alipe matayarisho peke yake, kwa siku, na rangi peke yake. Akifanya hivyo atashangaa mafundi waliokuwa wanalaumiwa kwa uzembe wanavyojua kazi yao.

Ipo hoja moja ya wang'oaji ambayo ni nzito kweli, nayo ni sumu. Rangi za zamani, na nyingine zisizo za zamani sana, zina madini ya risasi, hasa rangi za mafuta zenye manjano kali, nyekundu na kijani. Hatari hii imejulikana siku nyingi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulikwisha kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumike ndani ya majengo, na Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978. Leo Umoja wa Mataifa unazishauri nchi ziweke ukomo wa sehemu 90 kwa milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi huharibu ubongo unaokua, na mtoto huipata kwa njia nyepesi kabisa: vumbi sakafuni, mkono, mdomo.

Kwa hiyo, wanasema, usiguse. Ng'oa yote utupe. Hebu tufikirie kung'oa kunafanyikaje. Nyundo na mtaimbo vinaingia, mbao zinapasuka, maganda yote, hata yale yaliyokuwa yameshika imara na hayamdhuru mtu, yanavunjika yanakuwa vumbi, pamoja na vumbi lote lililolala nyuma ya ukuta. Halafu mbao zinakwenda wapi? Hazitupwi. Kwetu ubao hautupwi. Unabebwa nyumbani na kibarua, unapasuliwa, unapikiwa ugali. Risasi iliyokuwa imetulia ukutani kwa mzee inakuwa moshi jikoni kwa familia nyingine, na jivu lake linamwagwa kwenye mchicha. Sioni jinsi mtu anayejali afya ya watoto anavyoweza kukiita hiki njia salama.

Njia salama ipo na haihitaji mashine. Rangi iliyoshika vizuri iache ilipo. Ikifunikwa na rangi mpya isiyo na risasi haitoi vumbi. Iliyolegea ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa. Chupa ya kunyunyizia maji mkono mmoja, kikwangulio mkono wa pili, turubai au nailoni sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na maganda yakunjwe humo humo. Msasa uwe wa maji. Msasa mkavu marufuku, mashine ya msasa marufuku, na tochi ya gesi ya kuchomea rangi marufuku mara mbili, kwa sababu joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke unaovutwa. Watoto na mama mjamzito walale kwingine hadi sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni. Fundi avae barakoa ya vumbi, ile ngumu inayobana uso, asile wala kuvuta sigara mahali pa kazi, na nguo zake zifuliwe mbali na za watoto. Maganda yafungwe kwenye mfuko, yasichomwe.

Mchwa wanatajwa sana pia. Ni kweli, ubao ulioliwa umeliwa. Lakini usimwamini mtu anayekuonyesha tundu moja na kuuhukumu ukuta. Chukua bisibisi nyembamba, ubonyeze mguuni mwa kila ubao. Ikigoma baada ya milimita mbili tatu, ubao huo ni mzima. Ikizama bila nguvu, endelea kupanda ukibonyeza hadi ipate ugumu, weka alama ya penseli, na hapo ndipo pa kukata. Sehemu iliyooza inakatwa, kipande kikavu cha mti wa namna ileile kinaungwa kwa mkato wa mshazari na gundi isiyoogopa maji, ncha yake ya chini ikinyweshwa praima kabla ya kurudi mahali pake, na kuachwa juu ya sakafu kwa nafasi ya kidole ili tambara la kudekia lisiifikie. Seremala yeyote wa mtaani anaweza. Ukuta ambao kila ubao umezama bisibisi hadi kifuani sitautetea. Huo ung'olewe, lakini hata hapo usifunikwe na kitu kingine kabla njia ya mchwa haijapatikana na kuzibwa.

Kuhusu rangi yenyewe nitasema machache, kwa kuwa ukishafika huko mambo yamekwisha kuwa mepesi. Ubao mtupu uachwe ukauke, hata kama ni wiki kadhaa baada ya tundu la bati kuzibwa. Kingo za rangi ya zamani zilainishwe hadi kidole kisihisi ngazi. Ukuta uoshwe kwa sabuni, usuuzwe. Macho ya mbao ya msonobari yapakwe shelaki, la sivyo utomvu wake utatoboa rangi kwa madoa ya njano. Kisha praima ya mbao, na baada ya praima, si kabla, pati kwenye matundu ya misumari, kwa sababu ubao mtupu hunyonya mafuta ya pati ukaiacha ikavu na kuanguka. Mikono miwili myembamba ya rangi inatosha, na msasa mwepesi katikati yake. Jambo moja nalisisitiza kwa sababu mafundi wazuri hulikosea wakidhani wanafanya usafi: mfereji kati ya ubao na ubao usizibwe kwa pati wala silikoni. Nafasi ile iliachwa ili mbao zipumue masika na kiangazi. Ukiiziba, zitaivunja, au zitavunjana zenyewe.

Inabaki ile hoja ambayo watu huisema kwa sauti ya chini lakini ndiyo inayong'oa mbao nyingi kuliko mchwa: kwamba mbao ni za kizamani, na mtu aliyefanikiwa lazima aonekane. Sina dharau kwa haja ya kuonekana. Mzee aliyejengewa na wanawe ana haki ya kufurahia nyumba inayong'aa. Ila tazama sebule za PVC mjini baada ya miaka mitano: michoro ya marumaru imefifia upande wa dirisha, vipande vya pembeni vimeachia gundi, na kila nyumba ya mtaa imefanana na jirani yake. Ukuta wa mbao uliokarabatiwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe ya maziwa au kijani cha majani ya chai unang'aa, una joto, unanyamazisha mwangwi wa chumba, na ukichubuka kwa kiti unarekebishwa kwa nusu saa na msasa mmoja. PVC iliyopasuka inatafutwa dukani, na toleo lile halipo tena.

Upande wa gharama sitaki kudanganya: kukwangua ni kazi ndefu, na pale ambapo siku za fundi ni ghali hesabu inaweza kukaribiana na ya jipsamu katika mwaka wa kwanza. Tofauti ni kwamba fedha ya ukarabati inabaki mfukoni mwa fundi wa hapohapo na seremala wake, na kwamba masika yajayo hutaanza upya.

Kwa hiyo kabla hujakubali mtaimbo uingie sebuleni kwa baba yako, fanya mambo matatu kwanza: geuza ganda usome mgongo, bonyeza miguu ya mbao kwa bisibisi, na umlipe mtu apande akazibue gata. Panga kupaka rangi kati ya Julai na Septemba, mvua za masika zikiwa zimepita na ubao umepata muda wa kukauka, maana mbao zilizopakwa rangi Aprili zitabanduka tena Aprili nyingine.